Kuchomolewa kwa Friza ya Mama Mkwe

Nyamazisheni simu zenu, enyi mliokusanyika, na aliye na sufuria jikoni apunguze moto, kwa maana habari ninayoileta haitaki masikio ya nusunusu. Ni habari ya mtu mmoja na waya mmoja. Ya vita vilivyopiganwa mchana kweupe, baada ya chakula, katika jengo letu, ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto ukitoka kwenye ngazi. Vita ambavyo ndani yake halikumwagika hata tone la damu, ila chai kidogo, nayo ikafutwa. Mengine niliyaona kwa macho yangu haya. Mengine niliyasikia kupitia ukuta, kwa kuwa tunapakana na ukuta wenyewe ni mwembamba. Yaliyobaki nilisimuliwa na wahusika, kila mmoja akijisifia, nami nimepunguza sifa kadiri nilivyoweza.

Alikuwako Kinyozi, Simba wa Kiti Kinachozunguka, bwana wa mkasi na mashine, mwenye mkono usiotetemeka hata mteja apige chafya. Lakini fahari yake kuu ilikuwa sharubu. Sharubu zile, jamaa zangu! Nene, nyeusi tititi, zimepinda juu pande zote mbili kama vishikio vya sinia. Mchoraji wa kibao cha duka lake hakuhangaika kuandika jina wala kuchora uso. Alichora sharubu peke yake, na mji mzima ukajua mwenyewe ni nani.

Katika zama hizo aliinuka miongoni mwetu Mwalimu mstaafu, ambaye watu walimwita Balbu, kwa sababu hakuwahi kupita chini ya taa inayowaka mchana asiizime, iwe kwake, iwe kwa watu. Huyo ndiye aliyetukusanya sote katika kundi la simu liitwalo Jengo la Kijani, akatuwekea na programu ya ajabu. Kila Jumamosi asubuhi mwenye nyumba hupiga picha mita yake ya umeme, akaituma; nayo programu, bila haya wala upendeleo, humchorea jani. La kijani kwa mwenye kiasi, la njano kwa anayejitahidi, na la kahawia, lililokauka na kujikunja, kwa mharibifu. Mwanzoni tulicheka. Kisha tukaanza kuchunguliana majani. Watu wakawa wanaloweka maharagwe kabla ya kuyapika, wanapasi nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja, wanachomoa chaja ukutani kama wanaong'oa magugu, na majirani ambao kwa miaka hawakupeana hata salamu wakawa wanasimamishana kwenye ngazi na kuulizana, "Jani lako vipi?" Langu mimi msiliulize, hatuko hapa kwa ajili yangu.

Basi jani la Kinyozi lilikuwa kavu. Likakauka wiki ya kwanza, likakauka na ya pili, likawa kila Jumamosi ni kavu kuliko Jumamosi iliyotangulia. Akabadilisha taa zote. Akapiga marufuku pasi, hata mkewe, aliyekuwa fundi cherehani, akawa anawapelekea wateja nguo zimekunjamana kama karatasi ya maandazi. Jani halikujali. Habari zikafika dukani, na wateja wakawa wanakaa kitini na kusema, "Jani Kavu, nipunguzie pembeni."

Ndipo Jumapili moja ghadhabu ikampanda. Akaisogeza simu mdomoni, akanguruma katika kundi ujumbe wa sauti ambao umehifadhiwa hata leo:

"Enyi wakazi wa jengo hili, wa juu na wa chini! Mmenicheka vya kutosha. Nasema hivi: jani langu likiwa bado kavu Jumamosi ijayo, Balbu na aje na wembe wake, anikalishe kwenye kiti changu mwenyewe, azinyoe sharubu hizi mbele ya halaiki!"

Balbu akajibu kwa neno moja: "Tumeandika."

Mkewe Kinyozi alikuwa anasokota uzi. "Umeapa kwa nini?"

"Kwa sharubu."

"Mungu wangu. Na kibao cha duka je?"

Hakika hilo hakuwa amelifikiria.

Akaomba ushauri kundini, na Fundi Friji wa ghorofa ya chini akamwambia azime kila kitu nyumbani, kisha aitazame mita. Akazima taa, akazima redio, akachomoa na cherehani ya mkewe ikiwa katikati ya pindo. Akasimama mbele ya mita. Mita ilikuwa inakimbia kana kwamba inadaiwa. Nyumba ikiwa kimya namna hiyo, ikasikika sauti kutoka nyuma ya mlango wa mwisho wa korido: ngrrrrr, nzito, isiyo na wasiwasi, sauti ya mnyama aliyeshiba.

Naam, hapo ndipo adui alipojulikana. Ilikuwa friza ya mama mkwe, dude jeupe la mfuniko wa juu, lenye kutu miguuni, lililoingia nyumba ile siku mama mkwe alipohamia baada ya kufiwa na mumewe. Wabebaji wanne walilipandisha ngazi, na mmoja wao hadi leo anatembea amejishika kiuno. Ndani yake hamkuwa na samaki, hamkuwa na nyama, hamkuwa hata na barafu. Ilikuwa inagandisha hewa.

Mtasema, basi si aingie achomoe? Ah! Mnasema hivyo kwa kuwa hamkuwa nyinyi. Friza ilikuwa chumbani kwa mama mkwe, na tangu lini mwanamume mwenye adabu zake akakanyaga chumba anamolala mama mkwe wake? Afadhali aingie tundu la nyoka. Akamgeukia mkewe.

"Mke wangu, nenda kaichomoe."

"Ile ni ya baba yangu," mkewe akasema bila kuinua macho. "Mimi sitii mkono."

Kinyozi akavaa shati la kutokea, akazipaka sharubu mafuta, akaenda sebuleni ambako mama mkwe alikuwa anakunywa chai. Akasimama mbele yake kama mjumbe mbele ya kasri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Unakwenda harusini?"

"Hapana, mama. Nina neno." Akakohoa. "Mama yangu mtukufu, uliyenipa mke nisiyemstahili, nguzo ya nyumba hii, ambaye kivuli chako..."

"Unataka friza," mama mkwe akasema.

Hapo ndipo chai ilipomwagika, maana Kinyozi aliruka akagonga meza. Wakafuta.

"Mama, haina kitu ndani," akasema kwa sauti ya kawaida sasa.

"Najua haina kitu. Si mimi ndiye ninayeifuta?" Akakiweka kikombe chini. "Baba yenu aliinunua wakati hatuna hata kitanda cha maana. Tukaiweka chumbani kwa sababu hapakuwa na pengine. Tumeuza barafu, tumesomesha, mkeo huyo viatu vyake vya shule vimetoka humo. Miaka yote hiyo nimelala katikati ya wawili wanaonguruma, yeye upande huu, friza upande ule. Yeye amenyamaza. Hii nayo ikinyamaza, mimi nitalalaje?"

Kinyozi alikuwa na hotuba nzima kichwani, yenye mita, majani na hali ya hewa ya dunia. Yote ikamtoka. Alimpenda mama yule, na alimwona alivyokuwa mdogo katika kiti kile.

"Basi, mama," akasema. "Iache ingurume."

Akaenda dukani, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, akazitazama sharubu katika kioo kwa muda mrefu. Kisha akaandika kundini: "Balbu, noa wembe. Ni friza ya mama. Hana usingizi bila sauti yake, na mimi simnyimi usingizi mama yangu kwa ajili ya jani."

Nilitegemea vicheko. Nakiri nilikuwa nimekwisha kuandaa changu. Lakini mmoja akaandika pole, na mwingine akasema baba yake alikuwa halali bila redio, na Fundi Friji akasema hiyo ni mashine ya enzi ya uaminifu, tusiitukane. Mwisho akaandika Mama Mapacha wa ghorofa ya kwanza:

"Jamani, mimi wanangu nawawekea sauti ya mvua kwenye simu, wanalala fofofo na nje jua linawaka. Si mrekodi hiyo friza?"

Enyi mliokaa, hapo mbingu zilifunguka. Kinyozi, aliyekuwa amekwisha kurudia kazi, alimwacha mteja kitini amenyolewa upande mmoja, akapanda ngazi zote bila kupumua.

Akaifunga simu kwa selotepu kwenye mpini wa fagio. Akasimama kizingitini mwa chumba kile, macho ameyaelekeza darini kwa heshima, akaunyoosha mpini kama mkuki mpaka simu ikakaribia ubavu wa mnyama. Akarekodi. Akampelekea mama mkwe sebuleni, naye akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Ni yenyewe," akasema. "Lakini huyu anayelia ting, ting, ting ni nani?"

Alikuwa Balbu, aliyekuwa anatuma kundini kanuni za kuchemsha maji.

"Tena haikohoi," mama mkwe akaendelea.

"Haikohoi?"

"Kabla ya kupumzika hukohoa. Baba yenu alikuwa anasema, 'Mwenzangu kashikwa na kifua.' Mimi nikisikia kikohozi ndipo ninapolala."

Basi ukapangwa mzingiro wa pili. Simu ikanyamazishwa. Kundi zima likaamriwa lisitume hata kikaragosi. Kinyozi akanyoosha mkuki wake, akangoja friza ikohoe. Nayo friza, kwa inda, ikanguruma mfululizo, haikohoi wala haipumziki. Mama mkwe akaweka kiti kwenye korido nyuma yake, akawa anachambua mchele. Mkono ukaanza kuchoka. Na hapa nasema jambo ambalo wateja wake hawatalisadiki: mkono usiotetemeka ulitetemeka, na mpini ukawa unagonga friza, kong, kong, kong.

"Utaniharibia kikohozi," mama mkwe akasema. Akautazama mchele wake, akamtazama mkwewe aliyelowa jasho mpaka kwenye ncha za sharubu. "Ingia, baba. Mguu mmoja."

"Mama..."

"Mguu mmoja, nimesema. Mwingine ubaki huku."

Akatia mguu mmoja. Akasimama hivyo, nusu mkwe wa heshima, nusu mvamizi, na simu sasa imetua juu ya mfuniko. Ikapita kitambo. Kisha dude likashtuka, likatikisa miguu yake yenye kutu, likatoa sauti kutoka kifuani: kho-kho-kho. Likapumzika.

"Ndiyo huyo," mama mkwe akasema taratibu, na mchele ukasahauliwa mapajani.

Siku iliyofuata, katikati ya wiki, baada ya chakula cha mchana, mama mkwe akajilaza, simu yake, iliyotiwa ile rekodi, chini ya mto. Mlango ukaachwa wazi. Mkewe Kinyozi alikuwa kwenye korido amejishika kifua.

"Ingia uichomoe," mama mkwe akasema kutoka kitandani, amegeukia ukutani.

"Mimi, mama?" Kinyozi akauliza kizingitini.

"Mimi siwezi. Mkono huu ndio ulioichomeka siku ilipoletwa, leo umekataa kabisa."

Kinyozi akavua viatu. Akaingia kwa miguu yote miwili, macho yameganda sakafuni, akapiga magoti nyuma ya friza katika vumbi la miaka, akaushika waya. Nami nasema, majemadari wameangusha ngome kwa kelele na tarumbeta, lakini sijasikia habari ya aliyeangusha yake kwa upole kama ule. Akavuta. Friza ikakohoa mara moja, ya kweli, ya mwisho. Kisha pakawa kimya.

Nilikisikia kile kimya kupitia ukuta. Nikaacha nilichokuwa nakifanya. Sikujua kwamba siku zote nilikuwa naisikia friza ile.

Halafu, kutoka chini ya mto: ngrrrrr. Hakuna aliyejongea. Sauti ikaenda, ikaenda, ikafika pale pake, kho-kho-kho. Na kabla haijaanza upya, mama mkwe alikuwa anakoroma.

Jumamosi ikafika, siku ya hukumu. Ngazi zilijaa kuanzia chini hadi juu. Balbu alikuja na taulo begani na wembe mpya ndani ya karatasi yake. Kinyozi akapiga picha mita, akaituma, na sote tukainamia simu zetu. Jani likatokea limejikunja, kahawia, likasita, likajikunjua kidogo, likawa njano.

Njano! Si kijani, nakubali, na upande mmoja lilikuwa na doa. Lakini halikuwa kavu. Mama Mapacha alipiga kigelegele kilichowaamsha wale mapacha. Balbu akapanda ngazi moja juu ya watu, akainua wembe.

"Wakazi wa jengo hili! Yameandikwa mengi juu ya watu waliookoa miji. Leo na iandikwe kwamba ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto, waya ulichomolewa, na hakuna aliyelizwa. Sharubu zidumu!"

"Zidumu!" tukaitikia, na mtu akazima taa ya ngazi, ambayo kwa furaha Balbu mwenyewe alikuwa ameiacha ikiwaka.

Mchana ule shujaa akajinyoosha kwenye kochi la sebuleni apumzike. Akageuka kulia. Akageuka kushoto. Nyumba ilikuwa tulivu mno. Nikamsikia anainuka, anakwenda hadi mlango wa mwisho wa korido, anasimama nje kwa adabu zake zote.

"Mama," akaita. "Samahani mama. Ongeza sauti kidogo."

Nami huku, nikiwa nimekosa usingizi tangu friza ilipochomolewa, nikaugonga ukuta kuunga mkono. Sauti ikapanda. Friza ikanguruma, ikakohoa, na ghorofa nzima ya tatu ikalala.