Daktari Aliyeniuliza Ninachotaka

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali,

Mheshimiwa,

YAH: KULAZIMISHWA KUFIKIRI NIKIWA MGONJWA

Natumaini u mzima, na kama hu mzima, natumaini hutibiwi na daktari ninayemshtaki hapa.

Mimi ni fundi cherehani. Nina ugonjwa wa muda mrefu: mwili wangu wenyewe unaharibu chembe zinazogandisha damu. Nikijigonga kidogo tu kwenye meza ya kukatia nguo, natoka alama nyeusi, na mume wangu, ambaye hata mbu anamfukuza kwa adabu, sasa anatazamwa na majirani kwa jicho baya. Juzijuzi pua ilinitoka damu juu ya gauni jeupe la bibi harusi. Ndipo nikaja kwenu kutafuta dawa. Sikuja kutafuta kazi ya kuamua.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Daktari wenu wa damu, yule mwenye miwani na sauti ya kubembeleza, alinieleza dawa zote zilizopo, kisha badala ya kuandika moja akaweka kalamu mezani na kuniuliza mimi naonaje. Naonaje! Ningekuwa naona, ningekaa kwenye foleni yenu tangu alfajiri? Madaktari wa zamani walikuwa na heshima zao. Walikuandikia kitu kisichosomeka, wakakufukuza, na ukizidiwa ulijua lawama uipeleke wapi.

2. Kila dawa aliyoitaja, aliitaja pamoja na ubaya wake. Steroidi, dawa nilizoanzishiwa siku ya kwanza nilipofika na pua inayovuja, zinapandisha chembe haraka, lakini uso umevimba, usingizi umenihama, mikono inatetemeka hata kutunga uzi siwezi, na hasira ziko karibu. Ushahidi wa hasira ni barua hii. Kuna vidonge vya kila siku vinavyouhimiza mwili kutengeneza chembe mpya, ila vinagombana na maziwa, hivyo lazima vikae mbali nayo kwa saa kadhaa. Nami bila chai ya maziwa cherehani langu haliendi. Kuna sindano ya kila wiki, maana yake kila wiki nifunge kibanda. Kuna kupasuliwa na kutolewa wengu, kile kiungo cha tumboni ambamo chembe zangu nyingi huharibiwa, jambo ambalo wengine limewafaa na wengine halikuwafaa, na wengu ukishatoka haurudishwi. Muuzaji gani anatangaza kasoro za bidhaa zake? Mtu huyu biashara haiwezi.

3. Alinituma nikafikirie nyumbani. Kwangu hakufikiriki. Wifi yangu kaleta majani ya kuchemsha yenye harufu ya soksi. Shemeji, ambaye ni fundi wa magari, anataka wengu utolewe kesho, kwa sababu gari linatembea hata likitolewa redio. Mama mkwe anashauri nimeze zote kwa pamoja, zitajuana huko huko. Na mume wangu, niliyemtegemea aseme neno, alisema lolote nitakaloamua yeye yuko nyuma yangu. Nyuma ndiko anakokaa tangu tuoane.

4. Hili ndilo linaloniuma. Daktari alisema chembe zikishuka mno, damu inaweza kuvuja hata kichwani. Kisha, kwa upole uleule, akasema uamuzi ni wangu. Mheshimiwa, naogopa. Akichagua yeye mambo yakaharibika, nitamlaani yeye na roho yangu itatulia. Nikichagua mimi, nitamlaani nani? Watoto wangu watakaa sebuleni waseme mama alichagua vibaya.

5. Kwa hiyo naomba daktari huyo apigwe marufuku kuuliza maswali. Akishindwa kujizuia, ahamishiwe chumba cha maiti, ambako wagonjwa hawana maoni. Naomba pia hospitali iajiri Ofisa wa Kuchagulia Watu, atakayenichagulia dawa, na akipata nafasi anichagulie mkwe, rangi ya mapazia na jibu la kumpa wifi yangu. Mkiuachia mchezo huu, kesho rubani atatoka mbele na kutuuliza abiria tungependa kutua wapi.

Nisalimie wauguzi wote, hasa yule anayeupata mshipa bila kunitoboa mara mbili. Msalimie mlinzi wa lango. Msalimie na bibi wa dirisha la dawa, ingawa salamu haitikii.

Ni mimi ninayesubiri kuamriwa,
Fundi cherehani wa nyuma ya kituo cha mafuta.

Tanbihi: Binti yangu, tunayeshona naye, ameisoma barua hii akacheka mpaka akashika meza. Amenikumbusha kwamba kibandani kwangu sikati kitambaa cha mtu mpaka mwenyewe aweke mkono juu yake na kuniambia kata. Sina msamaha katika hilo. Hata yule bibi harusi alilia akitaka nimwamulie shingo ya gauni, nikakataa, nikamwambia atakayelivaa ni yeye. Binti amenirudishia maneno hayo yote, na sauti yangu kaiiga. Nimemwambia anyamaze ashone.

Halafu nikajimiminia chai isiyo na maziwa, nione kama mtu anaweza kuishi nayo. Ni mbaya sana. Nimeimaliza. Mikono yangu naitaka, kibanda changu nakitaka, na wengu wangu bado nimeuzoea. Jumatatu nakuja kuchukua vile vidonge vya kila siku. Tafadhali daktari asihamishwe. Akae palepale, aweke kalamu mezani, aniulize tena.