Kuku ya Ekzame ya Soko ya Telefone

Juma tatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Muchele yangu ya Kibombo iko inakaa sokoni sawa mugonjwa mwenye hakuna anayemutembelea. Wateja hawakuji. Vidudu njo vimeanza kuonja.

Josiane, mutoto wa ndugu yangu, akapita. Anafanya kazi na kikundi ya Papa Arsène. Wanatengeneza soko ya mu telefone: unafinya, pikipiki inakuletea chakula nyumbani. Mbele ya kufungua, wanatafuta wazee wa kuijaribu. Mwenye atawasaidia zaidi, muchele yake njo itawekwa juu kabisa, kila mama aione ya kwanza.

Juu kabisa! Nikamuambia asitafute tena, amepata.

Akasema ameita Onema pia. Onema! Ule wa meza ya karibu na yangu, mwenye anacheka na wamama mpaka wanasahau kuuliza bei. Takataka.

Juma nne, tarehe 4

Josiane anaapa hii haiko ekzame, mutihani ya masomo. Eti hawapimi muntu, wanapima telefone. Eti nisijifunze kitu, nikuje tu vile niko. Ujanja! Walimu wote wanasemaka vile, kisha wanakuangusha.

Kuniangusha miye! Wakati ya vita, treni haikufika tena, Kindu yote inakula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, nani alisukuma kinga, baiskeli yenye kubeba chumvi, tangu Lubutu? Nani alilisha hii kartié, mutaa muzima? Nikamuuliza bibi yangu wa ndoa, Mama Odette. Akajibu kwamba kulisha hakumbuki, anakumbuka kuuzisha na kijiko ya chai, tena nilikuwa ninapangusa kijiko na kidole mbele ya kumimina.

Heshima iliisha na vita.

Josiane akaenda kuoga, telefone akaiacha wazi. Nikajifunza. Finya picha ya juu. Kisha kifungo ya rangi ya majani. Rangi ya majani tena. Kusoma ni ya nini? Picha, majani, majani. Hata macho ikifungwa, kidole inajua njia.

Juma tano, tarehe 5

Ekzame! Nikamupelekea Papa Arsène kuku, sawa muntu mwenye adabu. Akauliza ni ya nini. Nikamukonyeza. Akaiweka chini ya meza.

Wakaniomba niseme kwa sauti kila kitu ninafikiri. Nikasema ninafikiri niko mwepesi sana. Picha, majani, majani. Kwisha! Wakauliza nini ilinisumbua. Hakuna. Nini inapungua? Hakuna, ni muzuri kabisa, sawa Papa Arsène mwenyewe. Hawakuandika hata neno moja. Hakuna kosa ya kuandika!

Kisha Onema. Nikasikiliza ku dirisha. Haya! Alipotea. Akauliza ataona namna gani kama muchele iko na mawe. Akauliza kikombe ya kupimia iko wapi. Akauliza ataomba matabishi kwa nani, sababu muchele bila kile kidogo ya kuongeza juu, hakuna mama wa Kindu atanunua. Kidole inabaki hewani. Na wao wanaandika, wanaandika! Makosa yote ile!

Nilicheka mpaka nyumbani.

Juma mosi, tarehe 8

Wamemuchagua Onema.

Mwenye alianguka! Josiane anasema njo vile walitaka, muntu awaonyeshe fasi yenye inakwama. Eti miye nilikimbia bila kuangalia, sikuwafundisha kitu. Wamebadilisha yote, hata matabishi wametia. Na kuku, Papa Arsène amenirudishia.

Wakati ya vita, mama ya Onema alikuja ku mulango yangu juu ya chumvi. Nilimupatia. Kwa bei ya siku ile, lakini nilimupatia. Leo nimekaa sokoni tangu asubui, hata wa kunisalimia hakuna. Kule kwa Onema, kicheko.

Juma tano, tarehe 12

Soko ya telefone imefunguliwa. Muchele yangu iko chini kabisa, chini ya sabuni.

Nikapata akili. Nitajinunua miye mwenyewe! Wakiona inatafutwa, wataipandisha. Nikakamata telefone ya Mama Odette. Picha, majani, majani, macho yangu hewani sawa mwenye kuzoea. Kisha nikakaa ku meza yangu kungojea pikipiki ikuje kuchukua gunia.

Hakuna pikipiki.

Kurudi nyumbani: gunia ya Onema ku mulango! Picha ya juu ni yake sasa. Majirani wanapiga makofi. Onema mwenyewe amekuja na kikombe ya matabishi, ananiita muteja wake wa kwanza, papa yake, baraka yake. Mama Odette alikuwa ameisha kupika. Akasema hakuna jiwe hata moja. Nilikula sahani mbili, juu ya kuchunguza adui.

Josiane anasema mwezi unaokuja watajaribu tena, juu ya mafuta na samaki. Amenirudilia polepole, sawa kwa mutoto: nisijifunze, nisilete kitu, niseme tu fasi inanisumbua.

Nimesikia muzuri. Kuku ilikuwa kidogo.

Mbuzi nimeisha kuifunga nyuma ya nyumba.