Mbinu za Babu wa Mwaka wa Nne

Jumatatu, 3 Juni

Matokeo ya jaribio la wodini yamebandikwa mlangoni. Mimi: arobaini na moja. Kamusi: themanini na nane! Kamusi ni rika la binti yangu mkubwa. Tunamwita hivyo kwa kuwa hajawahi kuulizwa neno akakosa. Mimi wananiita Babu. Nina miaka arobaini na saba tu!

Nilikuwa tabibu wa zahanati miaka ishirini na miwili kabla ya kurudi shule kusomea udaktari kamili. Nimetibu watu wengi kuliko nywele za Profesa. (Si kipimo kizuri. Profesa ana upara.) Mtihani wa vitendo ni Jumatano ya wiki ijayo. Nikianguka narudia mwaka mzima, na ruhusa yangu kazini inaisha Desemba. Mama Watoto nimemwambia. Kachukua kalamu, kaanza kuhesabu akiba yetu. Hesabu yake inanitisha kuliko Profesa.

Nimeamua: mbinu! Nimechora ratiba ya kusoma, rangi saba. Moyo kijani, mapafu bluu, ini njano. Kutwa nzima imeniishia hapo. Inapendeza mno. Sijasoma hata mstari.

Jumatano, 5 Juni

Mbinu ya pili. Nimejirekodi kwenye simu nikisoma madaftari, nasikiliza huku naosha vyombo. Mama Watoto kasema nyumba nzima sasa inajua dalili za ini kuharibika, isipokuwa mimi. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia, kasikiliza nusu saa na kugundua anazo zote. Nimempima. Hana hata moja. Kanuna. Eti zamani, nikiwa zahanati, nilikuwa nasikiliza watu.

Zahanati! Benchi moja refu, daftari moja la wagonjwa, dirisha lisilofungika. Nilimjua mtu kwa kikohozi chake kabla hajaingia. Hakuna aliyenipa alama. Walipona, wakipita njiani wakanipungia mkono, basi. Leo nimelikumbuka lile dirisha mpaka sahani ikaniponyoka.

Ijumaa, 7 Juni

Kamusi ana kikundi. Kila alasiri wanachagua mgonjwa mmoja, wanampima utosini hadi nyayoni, kisha mmoja anaeleza alichokiona na wenzake wanamhoji bila huruma. Leo kaniambia, Babu njoo bwana, una mengi ya kutufundisha. Nimemjibu kwamba wenye uzoefu hawasomi kwa makundi. Ukweli, kwa kuwa daftari halina mdomo: naogopa kuchekwa na watoto.

Badala yake nimemdodosa mhudumu anayepiga deki wodini. Kanong'ona kwamba mgonjwa wa kitanda kumi na moja kaombwa asiende nyumbani mpaka Jumatano. Aha! Huyo ni wa mtihani!

Jumapili, 9 Juni

Saa ya kuona wagonjwa. Nimefika kitanda kumi na moja na mfuko wa machungwa, nikijifanya jamaa. Bibi mwembamba, mgongo umenyooka kama rula. Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, miaka thelathini na minane darasani.

Nimemwamkia. Nimemuuliza hali. Nimemuuliza usingizi. Mwisho nimemuuliza, kama kwa bahati tu, madaktari wanaitaje maradhi yake.

Kavaa miwani.

"Mwanangu, umekuja kunisalimia au kuchungulia?"

Nilirudi darasa la tatu papo hapo. Vumbi la chaki, kengele ya chuma, kaptula yangu yenye kiraka, na mwalimu amesimama nyuma ya dawati langu. Nikataka kuinua mkono niombe ruhusa ya kutoka nje. Lakini nimejikaza. Nimemweleza habari za Desemba, za Mama Watoto, za alama arobaini na moja. Kanitazama sana. Kisha kaniashiria nisogee.

"Moyo," kanong'ona. "Vali inavuja."

Ushindi! Nimesoma vali za moyo kurasa thelathini na sita. Mapafu nimeyaruka yote.

Jumatano, 12 Juni

Nimepangiwa kitanda kumi na moja! Nusura nipige vigelegele mbele ya Profesa.

Nikaweka stetoskopu kifuani. Moyo: safi. Nikasogeza. Safi! Unadunda kama saa mpya ya ukutani. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Nikamtazama Mwalimu. Anatazama dari, kama msimamizi wa mtihani. Profesa akasema zimebaki dakika sita.

Sijui nilifikaje mgongoni. Mikono ilikwenda yenyewe. Nikagonga kwa kidole, juu kuja chini. Sauti wazi, wazi, wazi, kisha nzito. Hapo nikasahau mtihani. Tabibu mkuu wangu wa kwanza, marehemu, alikuwa akinifumba macho kwa kitambaa na kunisimamisha mbele ya pipa la zahanati. Nigonge mpaka nijue maji yanaishia wapi. Nikikosea alisema neno moja: tena. Mchana mzima, tena. Ni yeye aliyenisukuma nirudi shule. Alifariki mwezi mmoja kabla ya barua ya chuo. Hakuniona hata siku moja na koti hili.

"Daktari, vipi?" akauliza Profesa.

Nikasema ni maji, upande wa kulia, kwenye utando wa pafu, na nikaonyesha kwa kidole yanapoishia. Profesa akagonga mwenyewe. Akaandika kitu. Akaniuliza kama nina mafua, maana macho yalikuwa mekundu. Nikasema ndiyo.

Alasiri nimerudi kumlalamikia Mwalimu. Wala hakukana.

"Anayechungulia, mimi humhamisha dawati," kasema. "Ulipoacha kunitafuta mdomoni ukanitafuta mgongoni, si umepata?"

Kisha kaniuliza habari za huyo niliyekuwa namkumbuka, eti uso wangu ulisema yote. Nimemsimulia mpaka kengele ya kufunga wodi. Tumecheka sana kuhusu pipa. Yeye kacheka zaidi.

Ijumaa, 14 Juni

Sitini na nane! Nimepita! Mama Watoto kanikumbatia mbele ya mama yake. Kamusi kapata tisini na moja, lakini leo sina kinyongo na mtu.

Nimekaa nikatafakari kwa kina kosa lilikuwa wapi. Liko wazi. Walimu si wa kuaminika.

Jumatatu tunahamia wodi ya watoto. Nimeshapita kukagua. Kitanda cha dirishani kuna mtoto anayeuguzwa na bibi yake, mama mpole, sauti ya chini, anatabasamu muda wote. Mhudumu ananiambia alikuwa hakimu, sasa amestaafu. Mtu wa namna hiyo hawezi kunidanganya. Kesho naenda kumsalimia.