Mfamasia Aliyekataa Kuniuzia Vidonge

Mheshimiwa Mwenye Duka la Dawa,

Salamu kutoka kwangu, fundi rangi wa nyumba ya mlango wa kijani, mteja wako wa miaka mingi. Wiki iliyopita mke wangu, mwenye kichanga wa wiki tatu, alishikwa na maumivu makali kila aendapo haja ndogo. Nilimsikia akilia chooni, nikashindwa hata kushika brashi. Mwenzangu wa kazini akanitajia vidonge vya kutuliza maumivu ya mkojo, nami nikaja kwako mbio. Yaliyonikuta nayashtaki kwa heshima zote:

1. Mfamasia wako hakuuza, aliuliza. Mbele ya foleni nzima alitaka kujua vidonge ni vya nani, kama ananyonyesha, mtoto ana umri gani, kama mama ana homa, kama mgongo unamuuma. Nilikwenda kununua dawa nikajikuta natoa ushahidi. Najua wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wao hawakuwa kwenye foleni ile.

2. Aliisema vibaya bidhaa yako mwenyewe. Eti vidonge vinatuliza maumivu tu, ugonjwa unabaki palepale. Na eti haijulikani vizuri kiasi gani kinapita kwenye maziwa, kwa hiyo kwa kichanga hathubutu. Mheshimiwa, mimi nikipaka ukuta wenye ufa, simwambii mwenye nyumba kwamba rangi haizibi ufa. Biashara itakwenda wapi?

3. Alitutuma hospitali. Mkojo ukapimwa, daktari akaandika dawa ya ugonjwa na ya maumivu, zote zisizomzuia mama kunyonyesha. Sasa mke wangu amepona na mimi sina amani. Kutwa nahimizwa kunywa maji, mama mkwe anaitikia, na mtoto, tunayemwita Bosi, ananyonya huku akinikodolea macho kama nimemharibia kazi.

4. Hili ndilo kubwa. Tabia hii inaambukiza. Mke wangu sasa anauliza juu ya kila kitu: dawa ya mbu, kikohozi changu, hata rangi iliyo kwenye nguo zangu. Juzi nilivuliwa shati mlangoni, mtu mzima na ndevu zangu, ndipo nikaruhusiwa kumbeba Bosi. Tukinyamaza, kesho waume wote watakuwa wanahojiwa vizingitini.

Kwa hiyo naomba mfamasia huyo aondolewe kaunta, awekwe mtu mpole asiye na swali hata moja.

Wasalimie wote dukani, na mlinzi, na yule bibi wa kwenye foleni aliyenipa hongera ya mtoto.

Wako katika kudai haki,
Fundi Rangi

Nyongeza: Nimeifungua tena bahasha. Yule mwenzangu wa kazini alikuwa ameniletea vidonge vyenyewe, mke wangu akavikataa. Leo asubuhi, kumwonyesha mama mkwe kwamba havina neno, nikameza viwili mbele yake. Sasa hivi natoka chooni. Mkojo wangu una rangi ya chungwa iliyokolea. Rangi hiyo naijua, niliipaka kwenye shule ya chekechea. Baiskeli nimekwisha kumrithisha shemeji. Kisha nikamtazama Bosi amelala kifuani kwa mama yake, nikakumbuka nilivyong'ang'ania pale kaunta, nikachukua kalamu. Tafadhali usimwondoe yule dada mfamasia. Mshukuru kwa niaba yangu, umwambie aje upesi, na maswali yake yote aje nayo. Moja namjibu kabisa: mimi sinyonyeshi.