Kondo Anapasha Misuli

Jumatano, 26 Juni 1974

Kondo wangu yumo kwenye mashindano ya Saba Saba! Jina lake limebandikwa mlangoni mwa ofisi ya tawi la chama. Nimelisoma mwenyewe, wala sikumwita mtu anisomee. Lo, salamu nimesahau. Hujambo daftari, mimi sijambo, tuendelee.

Ni mashindano ya mambo matatu kwa mpigo. Kwanza mtumbwi, kupiga kasia mpaka kwenye mikoko na kurudi. Ukishuka, baiskeli mpaka Nangurukuru na kurudi. Ukiitupa baiskeli, mbio za miguu kupanda kilima cha Singino na kurudi hapa Kivinje uwanjani. Hakuna kupumzika, hakuna chai. Bakary, mtoto wa jirani yangu Moza, naye yumo. Moza kapita kuniambia, kama vile nimemuuliza.

Niandike ukweli. Tangu Kondo alipokosa kuchaguliwa kwenda sekondari, wanawake wa kisimani wananiambia pole. Mtoto kaota ndevu, bado pole. Nikiinua ndoo, pole. Nikishusha, pole. Nataka Saba Saba ipite nisiisikie tena pole ya mtu.

Ijumaa, 28 Juni

Aibu tupu asubuhi. Mwalimu Laurenti ndiye anayemfundisha Kondo, huyuhuyu anayetufundisha kisomo cha watu wazima na kutuamuru tuandike shajara. Amefika alfajiri, akamsimamisha mbele ya nyumba, akamrusharusha. Mara magoti juu. Mara mikono inazunguka. Mara kajipinda anashika vidole vya miguu kama aliyeangusha sindano. Njia nzima imesimama. Moza kaegemea ufagio wake, ananiuliza, Mama Kondo, mwanao kaingiwa na siafu au kapandwa na mashetani, tukuletee wapiga ngoma? Nikamjibu kwamba mwanangu anafanya sayansi, yeye aendelee na vumbi lake.

Nikamvuta Mwalimu pembeni. Kasema hiyo inaitwa kupasha misuli. Misuli iliyolala ukiishtua kwa kazi nzito inakaza, mtu anaanguka njiani analia. Kwa hiyo unaiamsha kidogokidogo kabla ya kuanza. Jasho jembamba likitoka, basi, unaacha. Hilo la kuacha nimeliandika kwa heshima yake, lakini sijaona kitu kizuri kikaharibika kwa kuongezwa.

Nikapata wazo palepale. Bakary hapashi misuli. Mama yake anacheka. Basi acheke. Mimi nafunga mdomo.

Jumapili, 30 Juni

Nimesuka makuti, nimezungushia uani nyuma. Kondo anapashia humo, haonwi na mtu. Sikumwambia yeyote. Siku nzima. Kichwa kimeniuma.

Mchana Moza kauliza mbona siku hizi Kondo haruki, amepona? Nikanyamaza. Kisha nikasema hakuwa mgonjwa. Kisha nikasema kuna mambo hata wakubwa wa Lindi hawajayajua. Nikajiziba mdomo kwa kanga, nikaingia ndani.

Jumanne, 2 Julai

Siri ni mzigo mzito kuliko kuni mbichi. Nimemtazama anavyoruka, mwili mwepesi, marehemu baba yake mtupu. Nikajiuliza, kitu kizuri namna hii kionwe na mimi na kuku tu?

Nimeamua ndugu si watu baki. Siri ya ukoo bado ni siri. Nimepeleka habari kwa binamu yangu Kidawa, Kilwa Kisiwani. Kwa wakwe zangu, Singino. Kwa dada yangu Mboni aliyeolewa Sudi, huko nimetuma kwa dereva wa lori la ushirika. Waje Saba Saba mapema, kabla ya filimbi, waone misuli inavyopashwa. Mbio wataziona pamoja na kila mtu. Hili ni letu.

Kondo kauliza ni watu wangapi. Nimemwambia wachache.

Ijumaa, 5 Julai

Nimekuta tundu kwenye makuti. Liko kwenye kimo cha jicho la Moza. Nikamwendea. Ati mbuzi. Nikamuuliza, mama, mbuzi gani huyo anayesimama wima kama askari? Kasema ni mbuzi wa siku hizi. Tumecheka wote wawili bila kupenda. Nimeliziba.

Mwalimu kaja kuaga. Jumapili hatakuwa na Kondo, yeye ndiye mshika filimbi. Kamwagiza apashe misuli mara moja tu, karibu na kuanza. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mimi nipo.

Jumapili, 7 Julai, jioni

Miguu inaniuma, na wala si mimi niliyekimbia.

Kidawa na watu wa Kisiwani walifika jua halijachomoza. Nikawatandikia mikeka, nikamwita Kondo. Akapasha vizuri sana, jasho jembamba, Kidawa akapiga vigelegele. Kondo akasema, basi Mama, niko tayari. Akakaa.

Hajakaa sawasawa, hodi. Wakwe. Shikamooni, marahaba, karibuni ndani. Mama mkwe haoni vizuri, akaomba asogezwe mbele. Sasa kwetu mgeni aliyechelewa hapewi ukoko. Anapikiwa upya, tena anajaziwa, maana kachoka na njia. Ningewaambia nini wakwe, kwamba watu wa Kisiwani wameona na kumaliza? Ingesemwa nimeutupa ukoo wa marehemu. Kondo akaanza upya. Mama mkwe akasema magoti hakuyaona vizuri. Akarudiwa magoti.

Kondo akaninong'oneza kwamba Mwalimu alisema kidogo. Nikamjibu, Mwalimu hana wakwe hapa.

Mara kelele njiani. Dada yangu Mboni! Lori liliwaharibikia Mchinga, wamelala barabarani, vumbi mpaka kwenye kope, kuku mkononi, analia kwamba amechelewa. Nimrudishe Sudi na macho matupu? Kondo akamtazama anavyolia, akanitazama mimi, akavuta pumzi, akaanza mikono. Mwanangu hajui kumkatalia mtu. Alipomaliza alikuwa ameloa kama kaopolewa kisimani. Nami nikajipongeza. Misuli yake imepashwa mara tatu, ya Bakary hata mara moja.

Filimbi ikalia. Kwenye mitumbwi Kondo alirudi wa pili. Nikawaambia walio karibu, nikawaambia na walio mbali. Kwenye baiskeli walipotea, wakaonekana tena, Kondo nyuma ya Bakary, anakanyaga kama anayetwanga mpunga wa mtu mwingine. Wakashika njia ya Singino. Tukangoja.

Akatokea Klementi peke yake, kijana wa Kimatumbi kutoka Kipatimu, yule aliyepiga kasia kama anakoroga uji. Akashinda. Wakaja wengine. Wakaja na wengine. Wetu hawamo. Hata Mboni akakaa kimya, na huyo hajawahi. Mtu akasema pengine wameumia. Moza akasogea karibu yangu. Tukashikana mikono, sijui nani alianza.

Ndipo wakatokea. Bakary kamwegemea Kondo begani, wanachechemea pamoja, wa mwisho kabisa.

Bakary kasimulia mwenyewe. Mguu ulimkaza mlimani, akaanguka, akaita mama yake. Kondo alikuwa nyuma anatembea, hana nguvu ya kukimbia. Angeweza kumpita. Akakaa chini, akaushika mguu, akaunyoosha, akavivuta vidole vije mbele, polepole, kama alivyofundishwa, mpaka ukalegea. Moza alimkumbatia Kondo mbele ya watu wote, akamwita mwanangu, akalowesha fulana iliyokuwa imeloa tayari.

Mimi nilifurahi na kukasirika kwa wakati mmoja. Nimesuka makuti vidole vikachubuka, yeye kaitoa siri bure juu ya mlima. Nikamuuliza kwa nini. Kasema, Mama, alikuwa analia.



Jumatatu, 8 Julai

Nilikwenda kisimani nimejiandaa kwa pole. Nimevaa kanga mpya, pole isinikute mnyonge. Moza alikuwa kanitangulia. Anawaonyesha wenzake kwa mguu wake mwenyewe jinsi Kondo alivyovuta vidole, karibu atumbukie. Mmoja kaniuliza kama Kondo anaweza kumtazama mumewe goti. Mwingine katenga ndoo yake, kanipisha niteke kwanza. Nimeteka taratibu sana.

Jioni Mwalimu kaja, na Klementi nyuma yake. Timu ya wilaya inakwenda kushindana Lindi. Wanahitaji mtu wa kuwapasha misuli wakimbiaji na kuwatunza miguu. Klementi ndiye aliyemtaja Kondo, kasema kwao milimani mtu anayesimama njiani kwa mwenzake hawamwachi nyumbani. Katibu wa chama amekubali. Kondo amechaguliwa. Naandika tena nilione vizuri: amechaguliwa. Yeye kainama anajifunga kiatu, na kiatu hakikuwa kimefunguka.

Kisha Mwalimu akazungumza nami taratibu. Kasema Kondo aliishiwa nguvu uani, si mlimani. Mara moja inatosha, Mama Kondo, hata waje wageni wa Unguja. Nimeitikia yote. Nimeelewa kabisa.

Jumatano, 10 Julai

Nimekaa nimefikiri. Kosa lote lilikuwa la lori lile la Mchinga.

Timu inaondoka Jumamosi alfajiri. Watalala hapa Kivinje wote, na mtu hawezi kuchukua vijana wa watu kwenda nao Lindi bila ukoo kuona atakavyowatunza. Kwa hiyo Kondo atawapasha misuli hapa mbele ya nyumba, timu nzima, Klementi akiwa wa kwanza. Moza kajitolea kupika. Kidawa nimempelekea habari, naye kasema atakuja na mtaa wake. Wakwe nao. Mboni hajaondoka bado, nimemwambia awaite wa Sudi waliokosa. Wanawake wa kisimani wameomba, ningewanyimaje?

Kondo kauliza kama watakuja kwa wakati mmoja. Nimemwambia mgeni hapangiwi saa. Atakayefika mapema ataona, na atakayechelewa asiwe na hofu, vijana wataanza upya kwa ajili yake. Waje wote Ijumaa.