Nanga na Safari ya Auckland

Theluji ilikuwa inatuangukia vichwani asubuhi hiyo, nasi tumezama kwenye beseni la maji moto la bwawa la mji, hapa Keflavík, Iceland, kama mayai kwenye sufuria. Rubani akaingia na habari ya gazetini. Jina lake hasa ni Ketill. Hajarusha hata tiara, ila aliendesha trekta la mizigo uwanja wa ndege miaka thelathini.

"Mmesoma? Ndege imekaa hewani saa kumi na tisa bila kutua!"

"Usinitajie ndege," akaguna Hafliði, tunayemwita Nanga. Ana miaka sabini na moja, hajawahi kutoka kisiwani. "Binti yangu Eyrún kajifungua. Kanitumia tiketi nikamwone mjukuu. Auckland!"

"New Zealand? Hiyo si safari, ni kifungo!" Rubani akapiga maji. "Kilomita elfu ishirini na tano!"

"Muongo wee!" Huyo ni Steinvör, Mwalimu, aliyewafundisha watoto wetu jiografia. "Dunia nzima kuizunguka ni elfu arobaini. Ukipita elfu ishirini umeshaanza kurudi nyumbani! Ni elfu kumi na sita na mia nane."

Akadaka mpira uliokuwa unaelea. Kidole kimoja Iceland, kingine kule chini New Zealand, kisha akavuta mkanda wa miwani ya kuogelea katikati. Mkanda ukapita karibu na utosi wa mpira.

Nanga akakodoa macho. "Ngoja kwanza. Huko si kusini? Mbona mnanipeleka Ncha ya Kaskazini?"

"Ndiyo njia fupi."

"Fupi kwa nani? Kwa dubu?"

Tulicheka mpaka maji yakamwagika nje.

"Wala hutapita huko," akasema Mwalimu. "Ya moja kwa moja hakuna. Unapanda, unashuka, unangoja, unapanda tena. Tiketi yako inasema safari nzima inachukua saa ngapi?"

"Thelathini na nne." Kicheko kikamwisha Nanga. "Leo nampigia Eyrún, namwambia siwezi. Naogopa, jamani. Mtoto atanijua kwa picha."

Nikamuuliza, "Nanga, ile dhoruba ya theluji iliyofukia basi lenu, mlikaa humo muda gani?"

"Saa thelathini na sita."

"Na nani?"

"Na huyu Ketill."

"Aliongea?"

"Alipolala ndio akazidisha!"

"Basi umeshafuzu!" akadakia Mwalimu. "Ndege ina joto, ina chakula, ina choo, na Ketill hayumo!"

Rubani akakohoa, akaangalia pembeni. "Kuhusu hilo... Eyrún alinipigia wiki iliyopita. Kasema baba yake asisafiri peke yake. Mimi nina kiti ubavuni kwako."

Nanga akazama mzima mzima. Tukabaki kuangalia mapovu. Rubani alikuwa ameshanyoosha mkono amvute, ndipo jamaa akaibuka, mwekundu kama nyanya, maji yanamchuruzika ndevuni.

"Dirishani nakaa mimi," akasema.