Ufunguo Hautupwi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimevunja ufagio. Ufagio haukuwa na kosa. Mwenye kosa ni Mama Dakika wa chumba cha kufungia sabuni.

Meneja ametangaza asubuhi: Jumamosi anachagua msimamizi wa mafundi umeme. Kiwanda kizima kinajua nani anafaa. Binti yangu! Fundi wa kike wa kwanza hapa, na cheti chake nimekitia fremu kubwa kuliko ya picha ya harusi yangu. Mimi niliishia darasa la saba, yeye anasoma michoro ya nyaya kama barua ya mchumba.

Lakini Mama Dakika naye ana mwana fundi. Akasimama mlangoni kututangazia kwamba kijana wake katengeneza mashine ya kukatia kwa dakika sita, kabati la umeme wazi, umeme haujazimwa, ndala miguuni. Akaniuliza wangu alitumia ngapi Ijumaa kwenye mashine ya kuchanganyia. Arobaini na tano. Alijua! Anahesabu kwa simu.

Nyumbani nikamsema binti. Ya nini kuzima, kufunga kufuli, kupima, kupima tena, na lile koti na kofia ya kioo kama mrina asali? Akasema umeme ukiruka ndani ya kabati ni radi. Chuma kinayeyuka, na sura nayo. Nikamwambia nimepika miaka thelathini bila kofia. Akasema, "Mama, moto wa jiko unakungoja usogee. Huu haukungoji."

Siku hizi ananijibu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nilificha kofia yake kwenye ndoo yangu ya deki. Nia njema kabisa. Asiione, afanye kazi upesi kama mwana wa watu.

Hakufanya! Alikaa benchi, mikono kifuani, mashine imelala, saa mbili nzima, mpaka kofia ikaonekana. Aliyeiona ni mimi. Hakuna aliyeshukuru. Mama Dakika alipita mara tatu akiimba.

Nimekumbuka jambo. Alipopewa kufuli lake jekundu la kufungia swichi, lilikuja na funguo mbili. Mmoja unakaa mfukoni mwake, hampi mtu. Wa pili aliniachia mwaka jana niutupe, eti ndiyo sheria. Niutupe? Marehemu mama alinifunza ufunguo hautupwi. Upo kwenye kopo la vifungo.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mzee Kufuli, mkaguzi wa usalama, katukusanya wote, hata sisi wafagizi. Mkono wake wa kulia unang'aa kama plastiki na vidole havikunjiki. Akauinua. Akasema kufuli la mtu kwenye swichi maana yake yuko ndani, na anayelitoa kufuli lisilo lake hana kazi siku hiyo hiyo.

Kisha akasema, "Aliyeniwashia umeme hakuwa adui. Alikuwa rafiki yangu, na alikuwa na haraka."

Mbona alinitazama mimi? Miaka kumi na tisa nafagia humu, nitazamwe kama mwizi wa kuku! Nilikasirika hata chai ikanipalia.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mashine ya kuchanganyia ikafa saa nne. Binti akazima swichi kuu, akatundika kufuli lake na kadi yenye jina, akazunguka nyuma ya ukuta kwenye kabati. Dakika kumi. Ishirini. Mama Dakika akawa anazitaja kwa sauti mlangoni kwake kama dalali mnadani. Meneja akatokea na kutazama saa. Thelathini!

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikachukua ufagio, nikaingia chumba cha swichi. Mfuko wake wa vifaa ulikuwa mlangoni, umeshafungwa. Nikajua keshamaliza, ni zile kupima-pima zake tu. Nikiwasha mimi, mashine ingenguruma mbele ya meneja na sifa zingekuwa zake.

Nikatoa kifuani ule ufunguo wa kopo la vifungo. Kufuli likafunguka taratibu, kama linanijua. Nikavuta kishikio.

Ko!

Kikagoma. Nikavuta tena. Chini ya kadi kulikuwa na kufuli jingine, jeusi, lenye jina. La Mzee Kufuli! Kaliweka bila kuniambia!

Binti alikuja mbio. Aliniona. Akaona kufuli lake mkononi mwangu. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Mama," akasema, "mikono yangu ilikuwa ndani."

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Spana ikamponyoka, na hakuna aliyeiokota.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Jana usiku sikulala. Kila nikifumba macho naona vidole vyake, vile vidogo alivyozaliwa navyo, nilivihesabu mimi. Vinang'aa kama plastiki.

Asubuhi nikakasirika tena, afadhali. Binti kaandika ripoti mwenyewe! "Aliyetoa kufuli: mama yangu mzazi." Mwandiko mzuri, lazima niseme.

Mama Dakika kaniletea pole ya uongo na uso wa kicheko.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

BINTI YANGU NI MSIMAMIZI!

Meneja kasema anayeweza kumwandikia mama yake ripoti hatamwonea haya yeyote. Yaani bila mimi angeandika nini? Nimemweleza hivyo Mama Dakika, polepole, mara mbili. Agizo la kwanza la binti: mwana wa Mama Dakika haruhusiwi kugusa kabati mpaka asomeshwe upya, na ndala aziache nyumbani. Nilipiga kigelegele peke yangu.

Mimi nilikuwa nifukuzwe. Mzee Kufuli kaniombea, eti rafiki yake aliyemwashia umeme naye alikuwa na watoto. Nimehamishiwa kufagia getini. Ndani sikanyagi. Mama wa msimamizi, getini! Binti kauchukua ule ufunguo, kaukata kwa msumeno mbele yangu, kisha kanikumbatia kwa nguvu mpaka mbavu zikauma. Tulilia. Akaniapisha. Nikaapa sitagusa tena kufuli lake jekundu.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Getini kuna bomba. Kila jioni Mzee Kufuli huja kuuosha ule mkono wake, taratibu, na funguo zake huziweka ukingoni. Leo nimempokea vizuri, nikampa taulo safi. Wakati anajifuta macho nimechukua kipande cha sabuni yetu wenyewe, kile cha njano, nikaukandamiza humo ufunguo wa lile kufuli jeusi. Alama yake imetoka na meno yote!

Sabuni ipo chini ya mto. Kesho naipeleka kwa mchonga funguo. Kiapo sijakivunja, kilikuwa cha kufuli jekundu.

Siku mwanangu akichelewa, na akina Mama Dakika wakianza kuhesabu, nani atamsaidia kama si mama?